Springi ya Watu Wawili

Mume wangu alipokatwa mguu wa pili aliacha kula. Hakutangaza. Alikaa kwenye kiti chake cha mbao pale verandani kwetu Makindye, sahani ikaletwa, akaisogeza kwa mgongo wa mkono, akaendelea kutazama barabara. Alikuwa mgonjwa wa sukari, na daktari alinieleza jambo hili kwa maneno machache: mtu anayedungwa insulini asipokula anaweza kulala mchana asiamke. Kwa hiyo kila sahani iliyorudi jikoni imejaa ilinitia hofu, na hofu yangu hutoka ikiwa hasira. Nilimfokea sana siku zile. Nilimwambia kama anataka kufa afe mwenyewe, asinifanye mimi kuwa mpishi wa kifo chake. Alinisikiliza kwa adabu, jinsi polisi anavyomsikiliza mlevi, kisha akageuza uso.

Na kweli alikuwa polisi. Maisha yake yote kazini aliendesha pikipiki za misafara, zile zinazotangulia mbele ya magari ya wakubwa zikiwafukuza watu barabarani. Kwao ni Arua, kaskazini. Mimi kwetu ni Bungoma, Kenya. Nilikuja Kampala baada ya vita vya themanini na sita, mji ulipoanza kufufua magari yake mabovu, nikafungua duka la vipuri Kisenyi. Aliingia dukani siku moja kutafuta gasketi, akaniomba kwa Kiswahili cha kambini, kile kisichojua ngeli wala kuzijali. Nilicheka mpaka nikaolewa. Yeye aliniita Mkenya hata mbele ya wakwe, nami nilimwita Afande, na majina hayo yalitutosha.

Alipostaafu alinunua pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye masanduku pembeni, kioo kipana mbele na kiti cha nyuma kinono cha kukalia siku nzima. Haikuwa bodaboda. Hii yake ikikulalia huiinui, unaita watu. Kila tulipopata nafasi alinipakia tukaenda milima ya Kigezi, Kabale hadi Kisoro, na huko ndiko alikonifundisha kuwa abiria. "Wewe hapana gunia," aliniambia. "Gunia nakaa tu. Wewe natazama." Sheria yake ilikuwa moja: kona ikienda kushoto, tazama juu ya bega langu la kushoto; ikienda kulia, bega la kulia. Usijilaze mwenyewe, usiogope, tazama tu unakokwenda, mwili utafuata. Abiria akifanya hivyo, mwendeshaji hamsikii. Akikosea, pikipiki inabishana na watu wawili na kona inawashinda wote.

Jambo la pili lilikuwa springi. Pikipiki kubwa ina springi ya nyuma yenye pete ya meno, unaizungusha kwa spana yenye ndoano. Jino la chini ni la mtu mmoja. Ukipanda meno yote unafika kwenye watu wawili na mizigo. Ukiiacha juu halafu ukapanda peke yako, nyuma inakuwa ngumu kama benchi la kanisa, kila shimo linakurusha hewani. Mume wangu aliipandisha juu kabisa siku ya kwanza aliponipakia, na hakuirudisha tena. Alienda mjini peke yake akirushwa, akarudi akishika kiuno. Nilimwambia ateremshe springi, mzee mzima anajitesa bure. Akasema, "Hapana. Hii ni ya watu wawili. Nateremsha, kisha abiria yangu nakuja, namwambia nini?"

Basi miguu ilipokwisha, mguu wa kulia kwanza na wa kushoto mwaka uliofuata, hakuweza kuendesha wala kupakiwa. Pikipiki ikakaa chini ya paa la mabati kando ya nyumba, na yeye akakaa verandani akiipa kisogo. Dada yake mkubwa, mjane wa mwanajeshi, alikuja kutoka Arua kunisaidia kumtunza. Siku moja akaja mwenye baa wa Kabalagala kuitazama ile pikipiki. Mume wangu ndiye aliyemwita. Mtu yule aliizunguka, akapiga teke tairi, akaniuliza kama inakunywa mafuta sana. Sijui ni lile teke au ni yale mafuta. Nilimwambia haiuzwi, nikachukua ufunguo, nikapanda mbele yao wote kuonyesha kwamba nyumba ile bado ina mwenye kuiendesha.

Nilikuwa nimefundishwa kuendesha kwenye uwanja wa kambi ya polisi, miaka ile tulipokuwa na pikipiki ndogo. Uwanja hauna kona wala malori. Nilishuka kuelekea Kabalagala gia ya kwanza tu, jasho likinitoka hadi viganjani, watu wa vibanda wakisimama kunitazama, nikageuka kwenye kituo cha mafuta na kupanda tena mlima wa Makindye kupita kambi ya jeshi. Nilirudi nikaiegesha chini ya paa la mabati. Mume wangu hakunigeukia. Alisema tu, "Kona ya kambi, wewe natazama tairi. Tairi iko, haiendi popote. Tazama mbali." Kisha akamwambia dada yake alete chakula.

Kutoka verandani kwetu huioni kona ya kambi. Kuna nyumba mbili za ghorofa katikati na mteremko. Lakini mimi nilimtazama akimega ugali, akimega tena, akilamba kidole, na sikutaka kuuliza lolote. Mwenye njaa ya miezi akila, hujali nani amempikia.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nilipoendesha, alikula, nilipokaa, sahani zilirudi. Nilimwachia mwenzangu wa biashara duka, nikaanza kupeleka vipuri mwenyewe kwa wateja wa mikoani, kwanza Masaka, kisha Mbarara, hatimaye Kabale na Kisoro. Masanduku niliyajaza gasketi na mipira ya oili. Niliporudi jioni au kesho yake tulikaa mezani, naye akapanga vijiko kuwa barabara na vikombe kuwa milima, nikamwonyesha kila kona nilivyoiingia. Alinisahihisha kwa ukali. Alikula huku akinisahihisha. Nilinenepa moyo.

Niseme ukweli kuhusu ile milima, maana watu hudhani nilikuwa ninajitoa mhanga kwa ajili ya mume. La. Niliipenda. Unatoka Kabale asubuhi, ukungu umelala bado chini kwenye ziwa, na visiwa vimechomoza juu yake vyeusi. Barabara inapanda ikijipinda, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili hakuna kitu. Unapunguza gia kabla ya kona, unasikia injini ikikaza, unatazama mbali pale barabara inapopotea, na lile dume la ng'ombe la chuma linalala ubavu kwa hiari yake hadi kikanyagio kinakwaruza lami. Kisha unafungua mafuta nalo linanyanyuka, na kona nyingine imeshafika. Kiunoni unasikia baridi na joto pamoja. Mimi, mwanamke wa duka, mwenye wajukuu, nilikuwa ninacheka peke yangu ndani ya helmeti.

Peke yangu, nilidhani. Safari ya pili au ya tatu ya Kisoro ndipo nilipogundua kwamba springi haikuwa inanirusha. Sikuwa nimeigusa. Ilikuwa juu kabisa, ya watu wawili na mizigo, na mizigo yangu ilikuwa gasketi, ambazo hata paka angezibeba. Katika barabara ya tambarare hadi Mbarara ilinirusha kama ilivyopaswa, mashimo yote niliyahesabu kwa mgongo. Lakini kuanzia Kabale, milima ilipoanza, nyuma ilikaa. Ililainika. Niliingia kwenye shimo makusudi ili nijue, na pikipiki ikazama na kuinuka taratibu, vile inavyofanya ikiwa imebeba.

Nilisimama. Nikashuka, nikashika springi, nikatazama meno ya ile pete. Yalikuwa palepale juu. Nikabonyeza kiti cha nyuma kwa mikono miwili. Kikawa kigumu, hakikushuka. Nikapanda, nikaondoka, na kona ya kwanza iliyoenda kushoto nikasikia uzito nyuma yangu ukitazama kushoto. Sina namna nyingine ya kulisema. Aliyewahi kumpakia abiria mzuri atanielewa: hakugusi, hasemi, lakini pikipiki inajua kuwa yupo. Vinyweleo vilinisimama kuanzia shingoni hadi mikononi. Na kona ile niliikata vizuri kuliko nilivyowahi kuikata.

Sikumwambia mtu. Mimi ni mtu wa kanisa, na mambo ya namna hii ukiyapeleka kwa mchungaji yanarudi yakiwa makubwa zaidi. Nilijiambia ni upepo wa mlimani, ni lami mpya, ni uzee. Halafu nikasimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, mahali ambapo barabara inaingia msitu wa mianzi. Askari wa trafiki, kijana wa heshima, alinipungia mkono kwa mbali, na nilipokaribia alikuwa ameshatoa kalamu. "Mama, unajua sheria," alisema. "Abiria lazima avae helmeti." Nikazima injini. Akazunguka nyuma, akasimama pale, nikamsubiri arudi. Alirudi akiwa amefunga kalamu. Aliniangalia, akaangalia mianzi, akasema, "Nenda, mama. Pole pole." Hakuniomba hata leseni.

Safari iliyofuata nilifunga helmeti ya mume wangu kwenye kiti cha nyuma kwa mkanda. Nilijiambia ni kwa ajili ya trafiki.

Wifi yangu ndiye aliyelitoboa jambo hili. Alikuwa mama wa maneno machache, na Kiswahili chake kilitoka kambi ileile kilikotoka cha kaka yake. Tulikuwa tunachambua mchele jikoni. "Ndugu yangu yule, kama wewe uko safari," alisema, "asubuhi nalala upande. Upande hii, upande hii. Mimi nafikiri naanguka, nakimbia kushika. Yeye nasema, niache, niko kazi." Nikamuuliza asubuhi saa ngapi. Akasema jua likishapanda kidogo, ukungu wa bonde ukiondoka. Ni wakati ambao mimi huwa natoka Kabale. Akanishika mkono, akanipeleka verandani. Mume wangu alikuwa ndani amelala. Wifi alikisogeza kile kiti cha mbao. Sakafu yetu ni saruji tuliyoipaka rangi nyekundu, na pale miguu ya kiti ilipokuwa ikikaa, saruji ilikuwa imekwaruzwa, kushoto na kulia, mikwaruzo mifupi mingi iliyopishana.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilimkabili. Nilimuuliza anakwenda wapi mimi ninapokwenda safari. Alicheka mpaka akakohoa. "Naenda wapi, Mkenya? Miguu iko wapi?" Nikamwambia asinifanye mjinga. Akakuna kidevu, kisha akauliza kwa upole, "Yule mzee ya mwavuli nyeusi, ndani ya mianzi. Alivuka? Wewe nalipita mbio, mimi hapana ona."

Nilikuwa nimemwona mzee huyo. Alisimama ukingoni mwa barabara kwenye ukungu na mwavuli wake umefunguliwa, ingawa mvua haikuwapo, na nilimpita kwa kishindo kiasi kwamba niliona haya. Sikuwa nimemtaja mezani. Sikuwa nimemtaja popote.

Niliacha kuendesha. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Jambo la kumpakia mume wako si baya, lakini mume aliye hai, ambaye umemwacha nyumbani amevaa sweta, hapaswi kuwa nyuma yako. Niliogopa kwamba kila safari inamtoa kidogo, na kwamba siku moja atatoka asirudi. Nikarudi dukani Kisenyi, nikauza vipuri vyangu, nikapeleka mizigo ya Kisoro kwa basi. Na sahani zikaanza kurudi jikoni. Ugali, wali, viazi na ufuta uliosagwa, chakula cha kwao alichokipenda kuliko vyote. Mashavu yakaingia ndani. Wifi alisimama na sindano ya dawa mkononi, akinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Afadhali angenifokea.

Basi kukawa na njia mbili, na zote zilipita kwenye kifo chake. Nilichagua ile iliyokuwa na chakula. Jioni ile nilitia mafuta, nikafunga helmeti yake nyuma, na alipouona ule mkanda akaomba uji.

Kesho yake nilifika Kabale nikalala, na asubuhi iliyofuata nikaondoka. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Haukuwa chini ziwani, ulikuwa umepanda barabarani. Mara tu milima ilipoanza, nyuma ikazama. Nilimsikia akiketi. Nilisema kwa sauti, ndani ya helmeti, "Karibu, Afande," na hofu ikanitoka kama ilivyokuja. Labda kwa sababu nilikuwa nimemkosa. Kwa wiki nyingi nilikuwa nimeishi na yule mtu wa verandani anayekataa wali, na huyu wa nyuma ndiye niliyeolewa naye.

Tuliendesha hivyo kwenye mianzi. Sikuona mbali zaidi ya hatua mbili tatu mbele, mianzi ikitokea na kupotea, maji yakidondoka kwenye kioo, na kelele za injini zikirudi kutoka kwenye ukungu zikiwa nzito, mithili ya pikipiki nyingine inayokuja. Hakuna gari lililotupita. Kona zilikuja bila kuonekana, lakini kila moja uzito ulitazama kabla yangu, kushoto, kulia, na mimi nikaufuata. Abiria ndiye aliyekuwa ananionyesha njia. Nilijua kwamba hilo ni kinyume cha mambo yote, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kanisani, Mungu anisamehe.

Barabara ile ina kona ya mwisho, kali, kabla ya kufika juu Kanaba, mahali ambapo hewa ikiwa safi unaiona milima ya moto yote mara moja. Nilipunguza gia. Nikaanza kuilaza. Na katikati ya kona nyuma ikaruka.

Iliruka kana kwamba mtu ameshuka. Springi ilinyanyuka kwa nguvu zake zote, tairi ya nyuma ikakosa lami, pikipiki ikasimama wima pale ilipopaswa kulala, na mbele yangu hapakuwa na ukuta, palikuwa na weupe mtupu. Nilitaka kutazama tairi. Nikatazama mbali, mahali ambapo barabara ilipaswa kuwa, na mwili ukafuata. Sijui nilifanyaje. Nilisimama juu Kanaba kwenye nyasi, nikaweka stendi, nikageuka. Helmeti yake ilikuwa palepale na mkanda wake. Nikabonyeza kiti. Kigumu.

Nilijua maana yake. Simu haikuwa na mtandao. Sikuendelea Kisoro, mteja wangu angojee. Niligeuza na kurudi, na kila shimo kutoka Kanaba lilinirusha, katika mianzi, katika milima yote ambayo tangu mwanzo ilikuwa laini. Kabale mtandao ulirudi, nikapiga simu ya wifi, ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena Ntungamo, nikapiga Mbarara. Ikaita. Baada ya Masaka sikupiga tena. Kuna bonde refu la matete pale Lwera, barabara imenyooka, jua la alasiri linakupiga mgongoni, na huko nililia kwa sauti nikirushwa, nikamtukana kwa kunisubirisha na kwa kuondoka mlimani badala ya nyumbani, ambako ningemshika.

Nilipofika mlima wa Makindye niliona moshi ukitoka uani kwetu. Kwetu na kwao, moshi uani siku isiyo ya sikukuu una maana moja: watu watakesha matangani. Nilipita kona ya kambi bila kuisikia. Niliingia kwenye geti nikiwa tayari kuanguka.

Wifi alikuwa anachoma kuku kwenye sigiri ya makaa. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, sahani mapajani, mifupa imepangwa ukingoni, mafuta kidevuni. Alikuwa amekula kabla sijafika. Tangu aanze ukaidi wake hakuwahi kumaliza sahani kabla sijarudi kumsimulia.

Nilizima injini nikabaki juu ya pikipiki. "Nilipiga simu," nilimwambia wifi. "Simu iko kwa chaji, kule duka ya jirani," alisema, akageuza kuku. Nilitaka kuwapiga wote wawili kwa helmeti.

Mume wangu alifuta mdomo. "Kona ya mwisho wewe nakata peke yako," alisema.

"Ulinirusha. Nusura nife."

"Springi nakurusha. Mimi nashuka tu."

"Umeshukaje? Kwa nini ushuke pale? Kwenye kona kali vile?"

Aliangalia mifupa yake. "Nachoka, Mkenya," alisema, bila huzuni, kama mtu anayerudi kutoka zamu. "Na pale juu wewe natazama mbali. Mimi naona. Abiria mzuri najua mahali ya kushuka." Kisha akanyoosha mkono wenye mafuta. "Lete ile spana ya ndoano."

Nilikataa. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba springi ile ni ya watu wawili, kwamba hairudishwi, kwamba atamwambia nini abiria wake. Nilisema kwa sauti ya juu hadi jirani akachungulia ukutani. Yeye alingoja nimalize. "Nalisema, ndiyo," alisema. "Lete spana."

Nilisukuma pikipiki hadi ukingo wa veranda. Aliinama kutoka kitini kuifikia springi, na kwa sababu hakuwa na miguu ya kujizuia ilinibidi nimshike mgongoni asianguke. Ndipo nilipojua. Mikono yangu ilikuwa inashika sweta. Ndani ya sweta kulikuwa na mtu mwepesi kiasi kwamba ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja hadi barabarani. Kuku yule mzima hakuwa ameongeza kitu. Aliweka ndoano kwenye pete, akaivuta, jino likashuka kwa mlio mdogo mkavu. Akapumzika. Akavuta tena. Wifi aliacha kugeuza kuku. Alishusha meno yote, moja moja, mpaka chini, na kila jino lililoshuka nililia, naye hakuniambia ninyamaze. Alipomaliza aliipangusa spana kwa sweta yake, akanipa mkononi.

"Panda tuone," alisema.

Nikapanda. Nyuma ilishuka polepole, ikakaa sawasawa, kipimo cha mwanamke mmoja mnene kiasi. Ilikuwa imekaa vizuri kabisa, na nilichukia kwamba imekaa vizuri.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Afande."

Baada ya siku ile alikula kila alichopewa, niwe nyumbani au nisiwe. Nilikwenda Kisoro mara kadhaa, na wifi akaniambia kitini halali tena upande. Anakaa tu, anatazama barabara, anangoja nije nisimulie. Mezani hakunisahihisha tena. Aliniuliza ukungu ulikuwaje, na mianzi, na kama nimemwona yule mzee wa mwavuli. Alifariki wakati wa mvua, mchana, nikiwa dukani ninamfungia mteja mzigo. Alikuwa amemaliza chakula chake. Tulimpeleka Arua akazikwa kwao.

Pikipiki ninayo bado, na milima bado ninaipanda. Springi ni ya mtu mmoja. Mara moja tu, mwaka ule ule baada ya matanga, niliipandisha tena hadi juu, ya watu wawili na mizigo, nikamfungia helmeti yake nyuma, nikaenda nayo mpaka Kanaba. Ilinirusha njia nzima.